Mguu wa Fundi Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Mpaka leo, Mama Ndoo akipita njiani na ndoo iliyofunikwa, watu humpisha. Ndani yanaweza kuwa maji ya kunywa tu, au nguo mbichi anazokwenda kuanika, hakuna anayeuliza. Watu wazima huinamisha macho. Watoto, ambao siku ile ardhi ilipotikisika walikuwa hawajazaliwa, huuacha mpira ujiendee zake wakasogea ukutani. Naye hapunguzi mwendo wala hauongezi. Huenda wima, shingo imesimama, kama mtu aliyebeba mali ya mwenyewe na anayejua anaipeleka wapi.

Jina hilo hakujipa. Zamani alikuwa Dada tu, na aliyemwita hivyo hasa alikuwa mdogo wake, waliyeachiana naye ziwa. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo Dada akamlea mdogo wake huku yeye mwenyewe bado akihitaji wa kumlea. Alisoma mpaka darasa la saba, akatoka wa pili kwa hesabu na wa kwanza kwa usafi, na huo usafi ndio uliokuja kumlisha. Hospitali ilikuwa ikitafuta mtu wa kusafisha chumba cha upasuaji, mtu asiyezimia akiona damu. Akaenda, akaoneshwa sakafu, akaipiga deki hadi muuguzi mkuu akajiona uso humo ndani. "Sakafu yangu unaweza kulia chakula juu yake," alipenda kusema, na ilikuwa kweli, ingawa hakutokea aliyetaka kujaribu.

Mdogo wake akawa mshonaji, na mji mzima ukamwita Fundi. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, na mlangoni ameweka cherehani ya miguu, ili apate mwanga na pia apate habari. Mdomo wake ulikuwa kama hiyo cherehani: ukishaanza haukusimama mpaka uzi ukatike. Dada alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Walipendana kwa kugombana, kama ndugu wengi wa kweli.

Tetemeko lilimkuta Fundi kazini, akishona sare za shule, kitambaa cha buluu kimemjaa magotini. Ukuta wa jirani ulimwangukia. Walipomfukua kesho yake, mguu wa kulia ulikuwa bado uko juu ya pedeli ya cherehani, goti limekunjwa, chuma na nyama vimeshikana. Walimbeba hivyo hivyo, na kile kitambaa cha buluu wakakiacha kimemzunguka, maana hakuna aliyejua kipi ni nguo na kipi si nguo.

Hospitali nayo ilikuwa imepasuka upande mmoja. Madaktari wageni walikuwa wamefika na mahema yao, mashine zao na lugha zao. Watu wazuri, hilo Mama Ndoo hakatai hata umwamshe usingizini. Walifanya kazi mpaka wakasinzia wamesimama. Daktari mmoja mrefu, macho mekundu, alikuja mlangoni na mkalimani wake, akamkuta Dada ameshika fagio la kupigia deki.

"Anauliza wewe ni nani wake," mkalimani akasema.

"Mimi ndiye mkubwa wake."

"Anasema mguu au roho. Anataka jibu sasa hivi, kuna wengine wanasubiri."

Dada akamtazama mdogo wake kwenye machela. Macho ya Fundi yalikuwa wazi, yanamwangalia, na midomo inatikisika bila sauti. Hajui mpaka leo alikuwa anataka kusema nini.

"Kateni," akasema.

Neno hilo moja limekaa kati yao miaka yote, kama mgeni asiyeaga.

Baada ya hapo ndipo ndoo zilipoanza. Siku zile walikatwa watu wengi mno. Tanuri la hospitali la kuchomea taka lilikuwa limebomoka, na vile vitu vilikuwa vinarundikana kwenye kona ya chumba chake, juu ya sakafu yake. Hakuna aliyemtuma. Alichukua ndoo, akafunika na shuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mguu wa mtu ni mzito kuliko unavyodhani. Ukiwa kwa mwenyewe unajibeba. Ukiutoa, uzito wote unakurukia wewe. Alibeba mguu wenye kucha zilizopakwa rangi nyekundu siku hiyo hiyo, bado mpya, inang'aa. Alibeba mguu wa mzee uliovaa soksi iliyotiwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine, na akajua kuna mke mahali fulani aliyekitia kile kiraka. Alibeba mikono. Mkono ulikuwa mgumu zaidi kubeba, kwa sababu mkono huwa kama unataka kukushika.

Alivizika vyote nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye uwanja uliokuwa hauna kazi. Mzee Dobi, mkuu wa kufulia, alimsaidia kuchimba, akala yamini hatasema, na akafa bila kusema. Vingine alivilaza pamoja, maana nguvu zilikuwa zimemwishia. Lakini mguu wa mdogo wake aliuchimbia shimo la peke yake, refu, mkabala na dirisha la chumba cha pasi. Akauvingirisha kwenye kile kitambaa cha buluu, akaulaza chali, umenyooka kama rula, akaufunika udongo taratibu kama anayemfunika mtoto shuka.

Watu walimwona akienda na kurudi na ndoo, wakamwita Mama Ndoo, ila alikokwenda hawakumfuata. Wakimuuliza umezika wapi, alijibu: "Pazuri." Wakaishia hapo.

Wageni wakaondoka. Walikumbatiana na watu, wakalia, wakafunga maboksi yao. Waliokuwa na bahati ya kutokatwa walikuwa wamefungwa vyuma vya nje, fito za kung'aa zilizoshikana na skrubu zinazoingia ndani kabisa ya mfupa. Vyuma vizuri. Siku ya kuvitoa ikafika, na ndipo ikagundulika kuwa spana za kufungulia zilikuwa zimefungashwa pamoja na vitu vingine na kupanda ndege. Aliyefunga maboksi alikuwa mtu nadhifu, hakuacha hata kijiti. Basi watu wakabaki na vyuma miguuni, wengine usaha unatoka kwenye matundu. Ukiwasikia usiku wanageuka kitandani, vile vyuma vinagongana na kingo za kitanda: nge, nge, nge. Mama Ndoo aliisikia sauti hiyo kwa muda mrefu hata pale ilipokuwa haipo.

Mji ukajifunza somo lake. Ukivunjika, kaa nyumbani. Hospitali ni mahali pa kupunguziwa viungo.

Fundi alirudi kuishi na dada yake. Alipata magongo, akapata cherehani ya mkono, mdomo ukarudi. Lakini mguu haukukubali kuondoka. Alikuwa akiuzungumzia kama mtu wa tatu nyumbani mle.

"Leo haujalala," angesema asubuhi, anakunywa chai. "Umekanyaga kutwa kucha. Unakanyaga tu, Dada, wala cherehani yenyewe haipo."

"Nyamaza unywe chai."

"Goti limekunjwa. Wewe ulinizikia mguu umekunjwa."

"Niliulaza kwa mikono hii, umenyooka kama rula!"

"Mwenye mguu ni nani, mimi au wewe?"

Mvua ikinyesha ndiyo ilikuwa balaa. Fundi alikuwa akitetemeka kitandani na kusema mguu unalowa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. "Nifunike, Dada. Vuta blanketi, nifunike huku." Na anaonesha pale pasipo na kitu.

"Nifunike nini? Godoro?"

"Nifunike tu."

Mama Ndoo hakufunika. Si roho mbaya. Aliona akishafunika mara moja atakuwa amekubali kwamba kuna kitu pale, na akikubali kuna kitu pale, basi na vile vingine vyote vilivyoko kule nyuma navyo vitaanza kudai mablanketi yao. Angeanzia wapi? Angemalizia wapi? Akageukia ukutani akajifanya amelala. Lakini mvua ikipiga bati, alikuwa akiwaza ule uwanja, maji yanavyoingia.

Miaka ikapita, akaja daktari wa mifupa mwanamke. Huyu alikuwa wa nchi hii hii, mfupi, mwenye viatu vya kazi na kicheko cha ghafla. Mgonjwa wa kwanza aliyefunuliwa shuka mbele yake alimuuliza: "Na wewe utaondoka lini, Daktari?"

"Nitakuwepo," akajibu.

"Hata wale walisema hivyo hivyo, ila kwa lugha yao."

Wodi nzima ikacheka. Lakini mwaka ukaisha yupo. Ukaisha mwingine, yupo. Watu wakamwita Nitakuwepo, naye akaitika. Alipata spana za vile vyuma, na ile kubwa kuliko zote akaifunga kwa mnyororo kwenye ukuta wa chumba cha upasuaji. "Hii haipandi ndege," alisema. Akafundisha wauguzi kufunga plasta isiyobana, akafundisha kuvuta mguu uliovunjika kwa kamba na mifuko ya mchanga mpaka mfupa urudi kwenye mstari wake. Akampeleka daktari kijana wa pale pale kwenda kusomea mifupa, na watu wakaapa hatarudi, na kijana akarudi. Kitu kimoja tu kilikosekana: wodi. Wagonjwa wa mifupa walilazwa kwenye korido, na mifuko ya mchanga ilikuwa ikigongwa na kila apitaye.

Hatimaye ruhusa ya kujenga ikatoka. Mama Ndoo, ambaye sasa alikuwa na mvi na funguo za chumba cha upasuaji kiunoni, alikuwa anachukua mashuka dirishani pa chumba cha pasi alipoona watu wanapigilia vigingi uwanjani. Kigingi kimoja kiliingia pale pale. Alihisi kimeingia tumboni mwake. Akabeba mashuka yake akaenda zake, na siku hiyo hakumwambia mtu.

Angesema nini? Akisema kuna viungo vya watu pale, mji ungelipuka. Nani angekubali kulala kwenye wodi iliyojengwa juu ya miguu iliyokatwa? Wangekimbilia majumbani tena. Akinyamaza, majembe ya vibarua yangeitupa mifupa huku na huku kama ya mbuzi.

Juma hilo hilo Fundi akateleza mlangoni, gongo moja likaenda huku na yeye kule. Mama Ndoo alisikia mlio kabla ya kusikia yowe. Paja la mguu wa kushoto, mguu uliobaki, lilikuwa limevimba na kupinda mahali pasipo na kiungo.

"Twende hospitali."

"Siendi."

"Fundi, huu mfupa umevunjika."

"Najua. Niko karibu nao kuliko wewe. Siendi. Walichukua mmoja, sasa wanataka kumalizia jozi."

"Siku hizi hawakati ovyo. Nitakuwepo anaunga."

"Wewe ulisema kateni," Fundi akasema. Hakupaza sauti. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kulitamka lile neno. "Nilikuwa nakutazama, nikasikia. Sasa unataka nikuamini na huu."

Mama Ndoo akaufunga mguu katikati ya mbao mbili kama alivyoona wauguzi wakifanya, akakaa kitako sakafuni. Alijua vizuri kinachofuata, alishakiona. Mfupa wa paja ukiachwa, nyama huuvuta, mguu unakuwa mfupi, unaunga vibaya au hauungi kabisa. Mdogo wake asingesimama tena maishani. Angelala pale, mgongo unatoboka vidonda, mpaka vidonda vimmalize. Na mguu ule uliozikwa ungeendelea kukanyaga.

Mchana Fundi akafumbua macho. "Nioneshe," akasema.

"Nikuoneshe nini?"

"Nenda ukaufukue. Ukiukuta umenyooka, basi mimi ndiye mwendawazimu, nifungeni mnipeleke mnakotaka. Ukiukuta umekunjwa, unyooshe, urudi uniambie. Hapo na mimi nitakwenda kwa miguu... kwa mguu wangu." Akacheka kidogo, jasho linamtoka. "Lakini uniambie kweli, Dada. Utakachokikuta hicho hicho."

Mama Ndoo akapiga moyo konde. Alimwacha mdogo wake na jirani, akaenda moja kwa moja mpaka ofisini kwa Nitakuwepo, akaingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Daktari, pale mnapochimba kesho kuna watu."

"Watu gani, Mama?"

"Si watu wazima wazima. Vipande vyao. Niliviweka mimi."

Nitakuwepo akavua miwani. Mama Ndoo akamwambia yote amesimama, kuanzia tanuri lililobomoka mpaka mbao zilizofungwa kwenye paja la mdogo wake. Alingoja kuambiwa ni ushamba, au afukuzwe kazi, au aambiwe kuna utaratibu.

"Nimewatibu watu wengi wa mji huu waliokatwa," daktari akasema. "Wengi wanauhisi. Hawana wazimu. Wamepoteza mguu, lakini kichwa hakijapewa taarifa. Mdogo wako alibanwa goti limekunjwa?"

"Juu ya pedeli."

"Basi ndiyo habari ya mwisho kichwa chake kilichopata kutoka kule chini. Kimebaki nayo." Akainuka, akatafuta mabuti yake ya mvua chini ya meza. "Lakini wewe umetumwa ukatazame, na tutakwenda kutazama."

Walipofika uwanjani, msimamizi wa ujenzi, jitu kubwa lenye kofia ngumu ya njano, aliwaona na jembe akaanza utani. "Mama, umehama usafi umeingia kwetu? Hata mie nilikuwa natafuta msaidizi!" Daktari akamnong'oneza maneno machache. Kofia ikatoka kichwani. Hakufanya utani tena siku ile.

Aliomba kuchimba yeye. Mama Ndoo akakataa. Udongo ulikuwa umelowa na ulitoka kwa mabonge. Mwanzoni aliogopa kwamba amekosea mahali, kwa kuwa miaka mingi imepita, na dirisha la chumba cha pasi lilikuwa limebadilishwa vioo. Kisha jembe likavuta kitu laini, na rangi ya buluu ikajitokeza kwenye tope, buluu ile ile ya sare, kama mtoto amesimama pale chini anangoja kengele. Akatupa jembe. Akapiga magoti akaendelea kwa vidole.

Kitambaa kilikuwa kimeoza sehemu tu. Alikifungua polepole. Nyama haikuwepo, kulikuwa na mifupa tu, imekuwa na rangi ya chai. Kipande cha paja kilikuwa kimelala vilevile alivyokilaza. Lakini kuanzia gotini, mfupa wa muundi ulikuwa umegeuka, umekwenda chini na nyuma, na mifupa ya wayo imejikusanya chini yake, vidole vimebanana kwenye jiwe. Ulikuwa mguu wa mtu aliyekaa. Mtu aliyekaa kwenye cherehani.

"Niliulaza umenyooka," Mama Ndoo akasema.

Hakuna aliyebisha.

"Niliulaza umenyooka! Mzee Dobi alikuwepo, angekuwa hai angewaambia!"

"Tunakuamini, Mama," daktari akasema.

Msimamizi alichuchumaa, akatia mkono upande wa chini wa shimo. Akaeleza kwa sauti ya chini kuwa maji ya kufulia yamekuwa yakipita hapa chini, yamekula udongo kidogo kidogo, na ardhi yenyewe ilitikisika mara nyingi baada ya ile siku. Udongo ukizama, kilicho juu yake hufuata. Ni jambo la kawaida.

"Lakini kwa nini ufuate hivyo?" Mama Ndoo akauliza. "Kuna namna ngapi za kuanguka? Kwa nini hivyo?"

Msimamizi akamtazama daktari. Daktari akatazama mabuti yake. "Hilo sijui," akasema.

Basi akaunyoosha. Aliutoa mfupa wa muundi pale ulipokuwa, akaufuta kwa upindo wa gauni lake, akauweka kwenye mstari mmoja na paja. Kisha akatafuta ile mifupa midogo, akaiokota pale tope lilipomruhusu, akaipanga kisiginoni, katikati na vidoleni. Nitakuwepo alimwonesha kwa kidole ipi inakwenda wapi bila kugusa hata mmoja. Mara mbili Mama Ndoo alisimamisha mikono, kwa sababu alihisi mguu unavuta kurudi. Huenda ilikuwa tope. Akaushika gotini kwa viganja viwili, kama alivyokuwa akimshika mdogo wake utotoni akimfundisha kutembea, akaungoja utulie. Shuka safi la hospitali alikuwa amekuja nalo. Akauvingirisha humo, akatoa kile kitambaa cha buluu akakitia kifuani, kisha akaufukia tena.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa na mawazo mawili yanayopigana. Angeweza kusema umenyooka. Fundi angeshindwa ubishi, angefungwa apelekwe, mguu ungepona, na yeye Dada angekuwa hajakosea, kama ambavyo hakukosea. Mtu aliyeishi maisha yake yote akijivunia kazi ya mikono yake hapendi kuambiwa, hata na nafsi yake, kwamba kazi hiyo iligeuka nyuma ya mgongo wake. Nitakuwepo alikuwa anatembea kando yake, na Mama Ndoo alikuwa na hakika kwamba akidanganya, daktari hatamsuta. Ingebaki siri ya watatu na udongo.

Fundi alikuwa ameamka, kikombe cha chai mkononi, uso umekuwa kijivu.

"Ulikuwa umekunjwa," Mama Ndoo akasema toka mlangoni. "Goti na vidole. Vile vile ulivyosema. Mimi niliulaza umenyooka, lakini nimeukuta umekunjwa. Nimeunyoosha."

Akakitoa kile kitambaa, akakiweka juu ya kitanda. Fundi alikishika, akapitisha kidole kwenye mshono wake mwenyewe, ulioishia katikati.

"Nilihisi," akasema. "Sasa hivi tu, nikinywa chai. Kidole gumba kilijitanua."

Kama alihisi kweli, au alimwonea huruma dada yake, Mama Ndoo hakujua, na hajui.

Daktari akachuchumaa karibu na kitanda. Mama Ndoo alifungua mdomo kueleza, na Nitakuwepo akamzuia kwa mkono, kwa heshima. "Samahani, Mama. Namuuliza mwenye mguu." Akamgeukia Fundi. "Mfupa huu nitauwekea chuma ndani. Sikati. Ikitokea hatari nitakuamsha nikuulize wewe mwenyewe, si mtu mwingine. Nao mguu usipopona, utanikuta hapa hapa unitukane. Unasemaje?"

Fundi alimwangalia dada yake, si daktari.

"Ungeni," akasema.

Walimbeba juu ya mlango uliong'olewa, majirani wanne na msimamizi wa kofia ya njano. Kwenye geti la hospitali alifumba macho akashika ukingo wa mlango mpaka kucha zikageuka nyeupe. Walimvuta mguu kwa kamba na mifuko ya mchanga pale koridoni, na Mama Ndoo akaweka kiti katikati ya njia akawa anawafokea wapita njia. "Pita mbali! Wewe mwenye kaunda suti, macho umeacha nyumbani?" Siku ya upasuaji alipiga deki sakafu mwenyewe kabla, na akapiga tena, akatoka. Hakubaki ndani. Alikaa nje ya mlango ule ule, na ndoo yake tupu akaigeuza mdomo chini, akaikalia ili isipate nafasi ya kubebwa na mtu.

Fundi alipozinduka, kitu cha kwanza alitia mkono chini ya shuka.

"Upo?"

"Upo."

"Wote?"

"Mpaka kucha. Na chafu, utazikata ukipona."

Habari za uwanjani hazikufichika. Nitakuwepo aliwaambia watu mwenyewe, na mji haukulipuka kama Mama Ndoo alivyoogopa. Walikuja kwa magongo, mmoja mmoja, wakasimama kwenye uzio, na Mama Ndoo akawaonesha: wewe hapa, wewe pale karibu na bomba, mume wako na soksi yake yenye kiraka yuko hapa. Waliotaka kuchukua walichukua. Wengi walitazama tu, wakaondoka. Wodi ikasogezwa mbele kidogo kwenye mchoro, na ule uwanja ukaachwa wazi kati ya wodi na chumba cha kufulia. Sasa hapo ndipo wanapofundishwa kutembea waliovunjika, huku wameshika bomba la chuma lililopigiliwa kwenye nguzo, hatua kwa hatua, juu ya wenzao.

Fundi anatembea tena, kwa magongo na kwa maneno mengi. Lakini jambo moja hakulitegemea. Ilikuwa mchana wa mvua, mvua nzito inayopiga bati hadi huwezi kusikia redio, na Mama Ndoo alikuwa anangoja malalamiko yake ya siku zote. Hayakuja. Akageuka. Mdogo wake alikuwa amelala chali anatazama dari, machozi yanamwingia masikioni.

"Unauma?"

"Hauumi."

"Unakanyaga?"

"Haukanyagi. Haulowi. Siusikii kabisa, Dada. Tangu ulipounyoosha umenyamaza. Nilidhani nitafurahi. Sikujua kumbe ulikuwa unanizungumzisha."

Nje, maji yalikuwa yanateremka kuelekea hospitali, kuelekea ule uwanja. Mama Ndoo alisikiliza. Miguu yake mwenyewe ilikuwa ya baridi tangu asubuhi, ingawa alikuwa amevaa soksi. Akainuka, akaenda kitandani, akalivuta blanketi, akalitandaza taratibu pale pasipo na kitu, akalichomeka pembeni mwa godoro baridi isipenye.

"Hakuna kitu hapo, Dada," Fundi akasema.

"Najua," Mama Ndoo akasema. "Nyamaza ulale."